Shajara ya Datsun 240Z: bodi nyembamba au mabega mapana

11 Januari

Mabega yamefika. Binamu yangu aliyeko Dubai aliyaagiza kutoka Japani, akayapachika ndani ya kontena la fanicha za jirani yake aliyekuwa akirudi nyumbani, na leo asubuhi nimeyachukua Shimanzi, Mombasa, yakiwa yamezungushiwa magunia. Ni vipande vinne vya faibaglasi vya kufungwa juu ya madigadi ili kuzipanua, na kila kimoja nakiinua kwa vidole viwili. Umbo lake ni lile la 240ZG, toleo la Z lenye pua ndefu na mabega ya kiwandani: upinde unaofuata tao la gurudumu, ukingo wa juu wa kupigia ribiti, na tumbo linalotoka nje kama bega la mchukuzi.

Kwa anayeanzia hapa: gari ni Datsun 240Z ya 1972, usukani kulia, injini ya L24 yenye silinda sita za mstari mmoja na ujazo wa sentimita 2393. Baba aliinunua 1986 ikiwa imeshapita mikono miwili, akaiendesha mpaka giaboksi ilipokataa, kisha ikalala chini ya turubali miaka kumi na saba. Injini na giaboksi nilizimaliza mwaka jana. Zamu ya bodi imefika, na pamoja nayo swali ninalolibeba tangu nina miaka kumi na mmoja, siku niliyoiona ZG kwenye kalenda ya duka la spea: niiache na madigadi zake za kiwandani, au niipanue?

Ami, ndugu mdogo wa baba, ndiye fundi wangu wa bodi. Gereji yake iko Changamwe na amenyoosha bati tangu kabla sijazaliwa. Nilimpangia mabega yote manne juu ya boneti ayaone. Akayapitisha kiganja, akagonga kwa ukucha kusikia unene, akaridhika.

“Kazi nzuri hii. Lakini umenunua kofia, mwanangu. Kichwa umekipima?”

Sikuwa nimekipima.

14 Januari

Usiku wa leo nimekaa na vipimo vya kiwandani, kwa sababu neno la ami limenikaa.

Z ya kawaida ina upana wa mm 1630 na urefu wa mm 4115. ZG, iliyotolewa Japani mwaka 1971, ina upana wa mm 1690 na urefu wa mm 4305. Urefu ule wa ziada, mm 190, wote ni pua: kipande kirefu cha mbele kinachoifanya ionekane kama inanusa barabara, pamoja na vifuniko angavu juu ya taa. Upana wa ziada ni mm 60, yaani mm 30 kila upande. Kwa macho mtu angeapa ni zaidi ya hapo. Miaka yote nimeamini ZG ni pana kuliko Z kwa kiganja kizima, kumbe ni upana wa vidole viwili tu kwa kila bega.

Na milimita hizo 30 zilikuwa na sababu. Nissan, wenye jina la Datsun, haikuitengeneza ZG ili iuze sura. Ilitaka pua ile na mabega yale yakubaliwe kwenye mashindano ya Kundi la 4, na kanuni zilidai kwamba kitu unachotaka kukitumia kwenye mbio kiwe kimetoka kiwandani na kimeuzwa kwa watu. Kwa hiyo gari la barabarani lilivalishwa nguo ya mbio. Chini ya nguo hiyo mifupa ni ileile: umbali wa mm 2305 kati ya ekseli, shokabu zilezile za kusimama mbele na nyuma, injini ileile. Mabega yalikuwepo ili siku ya mbio matairi mapana ya lami yapate pa kukaa.

Nimejaribu kulinganisha na Porsche, maana kila anayeniona na faibaglasi hizi huniambia habari za 911 Turbo. Pale hadithi ni nyingine. 911 ya kawaida ya katikati ya miaka ya sabini ilikuwa mm 1610; Turbo ya 1975 ikafika mm 1775. Tofauti ni mm 165, na si kitu cha kubandika: ni madigadi za chuma zilizoundwa upya, kwa sababu nyuma kulikuwa na rimu za inchi 8 na nguvu za turbo za kupeleka ardhini. Miaka ya themanini Porsche ikakubali kuuza Carrera isiyo na turbo ndani ya bodi ya Turbo. Watu waliilipia kwa furaha, ingawa ilikuwa nzito zaidi na ilisukumana na upepo zaidi kuliko ndugu yake mwembamba mwenye injini hiyohiyo. Mimi siwalaumu. Nimelala usiku mwingi nikiiwaza ile ya kwenye kalenda.

18 Januari

Tumeanza kukwangua matao ya nyuma, maana tupanue tusipanue lazima tujue bati liko wapi. Habari si nzuri.

Upande wa kushoto, chini ya rangi, puti ina unene wa kidole changu cha mwisho. Miaka ile gari lilipita kwenye gereji moja tuliyoiamini, wakaambiwa watoe kutu. Kutu haikutolewa. Walisugua juu, wakajaza puti ndani ya tundu, wakapaka rangi, na ndani ya puti hiyo kulikuwa na gazeti lililokunjwa. Baba alilipa hela nzima kwa kazi ile. Nimekasirika leo kwa niaba yake.

Ami hakusema mengi. Alichukua bisibisi akaanza kugonga pole pole kuzunguka tao, akisikiliza. Bati zima hulia. Bati lililoliwa hukohoa. Alipomaliza alikuwa amechora kwa chaki mstari kuanzia nyuma ya mlango, pale chini ambapo Z nyingi huanza kuoza, hadi karibu na tarakimu 2 ya tao ukilichukulia kama uso wa saa. Yote hayo yatakatwa.

Tao la nyuma la Z si bati moja. Kuna bati la nje unaloliona, na bati la ndani linalokinga gurudumu, na yote mawili hukutana ukingoni yakashonwa kwa nukta za kulehemu. Kati yao kuna uwazi. Vumbi huingia humo, maji yakafuata, na hapa pwani maji hayaji peke yake, yanakuja na chumvi. Gari linaweza kung'aa nje huku ndani ya uwazi huo panaoza kama jino.

Hapo ndipo nilipoanza kuyaangalia mabega kwa jicho jingine. Ili yafanye kazi kweli, yaani gurudumu pana lipande juu bila kugusa, huwezi kuyapigia ribiti juu ya tao zima ukamaliza. Unakata ukingo wa bati la nje, unakata na la ndani, unayakunja yakutane tena mahali papya juu zaidi, unayalehemu mzunguko mzima. Mwenye kukata la nje na kuacha la ndani likining'inia amefungua mlango wa maji, na ameondoa mshono uliokuwa ukilipa kona ile ya gari nguvu. Halafu unatoboa. Nimehesabu alama za matundu kwenye bega moja la nyuma: tisa. Kila tundu ni bati tupu linalosubiri chumvi, na nyuma ya ukingo wa faibaglasi pana mfereji ambao mpira wa maji haufiki vizuri.

Ami anasema mabega ya namna hii aliyafunga kwenye magari mawili miaka ya themanini. Yote mawili yalirudi kwake baada ya masika matatu.

25 Januari

Leo tumekipima kichwa.

Tumetoa springi zote nne ndani ya shokabu ili gurudumu lipande na kushuka kwa mkono, bila uzito wa gari kutuzuia. Gari liko juu ya stendi. Chini ya habu tunaweka jeki, tunainua gurudumu hadi mwisho kabisa, kama vile limeanguka shimoni, kisha tunageuza usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho. Ukingoni mwa madigadi na ndani yake nimebandika udongo wa kuchezea wa binti yangu, donge kila baada ya upana wa viganja viwili. Donge likichubuka, tairi imegusa. Likibaki na alama za vidole vyangu, pana nafasi. Udongo hauna haya.

Tulijaribu rimu za aina mbili. Za kwanza ni zangu, inchi 15 kwa upana wa inchi 7, na uso wake wa kufungia nati uko katikati kabisa ya upana. Za pili ni za kuazima kwa rafiki wa Bamburi mwenye Datsun 160B, maana nati nne za Datsun hizo zimepangwa kwenye duara lilelile la mm 114.3 kama Z. Hizo ni inchi 15 kwa 8, na uso wa kufungia umeingizwa ndani mm 12, kwa hiyo gurudumu lote linasogea nje.

Hesabu ni rahisi na nilitamani ningeifanya kabla ya kumtumia binamu pesa. Nusu ya inchi 7 ni mm 89. Hapo ndipo ukingo wa nje wa rimu yangu unapofika ukipima kutoka kwenye habu. Nusu ya inchi 8 ni mm 102, ongeza 12, unapata 114. Tofauti ni mm 25. Bega la ZG ni mm 30. Kwa maneno mengine, bega lile linahitajika ukivaa gurudumu la namna ile, na ukivaa la inchi 7 ndani ya bega lile, gurudumu litaonekana limezama kama mtoto aliyevaa koti la baba yake.

Kwa nini usipanue kwenda ndani, ili madigadi zibaki? Kwa sababu ndani pana shokabu. Kikombe kinachoshika springi kimekaa karibu sana na tairi, na tulipojaribu kuisogeza rimu pana ndani, donge la udongo kwenye kikombe lilipondeka kabla hata jeki haijapanda. Z inakubali upana upande mmoja tu, wa nje. Waliounda ZG walilijua hilo.

Matokeo ya udongo: rimu ya inchi 7 yenye tairi ya 195/65 (upana mm 195, shavu asilimia 65 ya upana huo) imegusa sehemu mbili, ukingo wa nyuma kulia na kona ya chini ya madigadi ya mbele kushoto usukani ukiwa mwisho. Rimu ya inchi 8 yenye 225/50 imepondaponda madonge yote ya nyuma na manne ya mbele. Ami aliyang'oa mabonge yaliyopondeka akayapanga kwenye benchi kwa mpangilio wa gari, akayaacha hapo bila neno.

1 Februari

Springi zimerudi, gari liko chini. Nimeiendesha na rimu pana, bila mabega, kwenye kiwanja cha mtu na njia ya vumbi nyuma ya Mazeras. Nilikwenda pole kwenye mashimo kwa sababu najua tairi inagusa wapi.

Nitasema ukweli wote. Kwenye kipande cha lami tulichopita, kona ndefu moja niliyoizoea, gari lilikaa kama limegundishwa. Ile hofu ndogo ya Z ambapo nyuma inataka kutangulia haikutokea. Nilirudi nikaipita tena, nikatabasamu peke yangu garini. Yeyote anayesema tairi pana ni urembo mtupu hajawahi kuipitisha kona hiyo.

Kwenye vumbi mambo yakageuka. Usukani ulianza kunipokonya mikono. Gurudumu la mbele hugeuka kwa mhimili ulioinama. Ukiurefusha mhimili huo kwa mawazo mpaka ardhini, unagusa mahali fulani, na katikati ya tairi inakanyaga mahali pengine. Nafasi kati ya sehemu hizo mbili ndiyo mkono ambao kila jiwe hulikamata gurudumu na kulivuta. Rimu ile imeurefusha mkono huo mm 12. Ni kidogo ukikiona kwenye rula, ni kingi ukiwa umeshika usukani usio na msaada wa haidroli, na beringi za habu nazo zinaubeba mkono huohuo kila siku.

Pia gari lilikuwa chini zaidi. 225/50 ina kimo cha mm 606. 195/65 ina mm 634. Nusu ya tofauti, mm 14, inatoka moja kwa moja kwenye nafasi iliyo chini ya tumbo la gari. Mara mbili nilisikia bomba la ekzosti likisalimiana na barabara.

Nilipofika gereji, milango ilikuwa na vidoti vya changarawe kutoka mbele hadi mpini. Rangi ni ya zamani na itatolewa, kwa hiyo sina hasara, ila picha nimeipiga.

3 Februari

Mvua. Hatukufanya kitu. Nimesafisha kabureta mbili za Hitachi na kubadilisha gasketi.

9 Februari

Jumapili. Nilimkuta ami amekaa chini ya ile picha yake ya ukutani, kipande cha gazeti kilichofifia ndani ya fremu: Z nyekundu yenye boneti nyeusi, mbio za magari za Safari Rally za 1971. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa gari hilo, na Shekhar Mehta akiwa na Mike Doughty wakaja wa pili kwa Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta, safari hii na Lofty Drews kando yake, akashinda kwa Z. Mwaka ule yeye na Harry Källström wa Datsun 1800 SSS walimaliza wakiwa na alama sawa za adhabu, na ushindi akapewa Mehta. Mzaliwa huyo wa Uganda akaja kuichukua Safari tena miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Ami alikuwa kijana wa gereji Voi miaka hiyo. Anasimulia jinsi walivyokuwa wakilala kando ya barabara na mablanketi, wakisikia injini ya silinda sita kabla ya kuona taa, sauti nzito tofauti na za silinda nne zilizotangulia, kisha mwanga juu ya vichaka, kisha vumbi, kisha kimya. Nimeisikia hadithi hii mara nyingi na bado huwa namwacha aimalize.

Leo aliongeza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alisimama akaweka kidole kwenye kioo cha fremu, juu ya gurudumu la nyuma.

“Angalia madigadi.”

Nikaangalia. Ni za kawaida. Ukingo wa kiwandani, hakuna bega, hakuna ribiti. Gari lililoishinda Safari lilikuwa jembamba kama letu.

“Wale walikuwa na kiwanda kizima nyuma yao,” akasema. “Wangetaka mapana wangekosa?”

Nimelifikiria jambo hilo njia nzima kurudi nyumbani. Safari ya siku zile ilikuwa maelfu ya kilomita za vumbi na matope ya Pasaka, wakati masika yanapoingia. Kwenye tope, tairi nyembamba hukata na kuifikia ardhi ngumu iliyo chini. Pana huelea juu na kuteleza. Kwenye mawe, tairi yenye shavu refu huinama na kusimama tena, wakati ile yenye shavu fupi huipeleka ngumi moja kwa moja kwenye rimu. Na kama umetoboka usiku, bega lililopasuliwa na tairi lililolegea halitakusaidia kitu. Upana wa Z ya Fuji, kiwanja cha mbio cha Japani, kwenye lami laini, ulikuwa jibu la swali la Fuji. Gari la baba liliuzwa na kutumika huku, likaumbwa kwa njia za huku, na hata uchakavu wake ni wa huku.

Porsche nao walikuja kuijaribu Safari mara kadhaa na 911. Björn Waldegård alikuwa wa pili 1974, nyuma ya Joginder Singh na Mitsubishi Colt Lancer yake. Vic Preston Junior akawa wa pili 1978. Zile 911 za 1978 ziliinuliwa hadi kusimama sentimita 28 juu ya ardhi. Walipoitayarisha kwa Safari, walikwenda juu.

22 Februari

Nimeamua. Bodi inabaki nyembamba.

Nataka niandike pia kilichonivuta upande wa pili, kwa sababu mwenye kusoma na gari lake la lami Nairobi au Muscat anaweza kuamua vingine na akawa sahihi kabisa. Jana nilishika mabega mahali pake kwa utepe wa karatasi, yote manne, nikarudi nyuma hatua kumi. Ni mazuri. Mgongo wa Z unashuka kutoka paani kama maji, na bila mabega maji hayo yanaishia kwenye kiuno chembamba ambacho kwa miaka mingi nimekiona kama kina njaa. Mabega yanakishika kiuno hicho. Gari linaonekana limekanyaga.

Lakini nilipozunguka mbele nikaona kitu ambacho picha ya kalenda ilinificha. Mabega ya ZG yaliandikwa pamoja na pua ya ZG. Ile pua ndefu inayabeba, jicho linaanza kwenye ncha yake na kuteremka hadi begani bila kukatika. Kwenye Z yenye pua fupi na bampa ya kromi, bega la mbele linaanza ghafla, kama sentensi iliyokatwa mwanzo. Ningetaka niyafunge kwa haki, ningehitaji na pua, na mm 190 zaidi za faibaglasi mbele ya gari linaloegeshwa Mombasa kati ya tuktuk na mikokoteni.

Kilichokata shauri ni bati. Lile tao la kushoto linapona kwa kurudishiwa umbo lake. Nikilikata kwa ajili ya bega, sina njia ya kulirudisha. Bega la faibaglasi naweza kulifunga wakati wowote maishani mwangu. Ukingo wa kiwandani wa 1972 ukiondoka umeondoka.

Rimu ni zile za inchi 7. Tairi ni 195/65, saizi ambayo naipata kwenye kila duka la tairi kutoka hapa hadi Malaba, na kimo chake kinakaribiana na tairi ya awali ya 175 juu ya rimu ya inchi 14, iliyokuwa na upana wa inchi 4 na nusu tu. Tayari hiyo ni tairi pana kuliko aliyoijua baba. Kinachobaki ni kuikunja ile sehemu ya ukingo iliyogusa udongo.

Nimemwambia ami. Akaitikia kwa kichwa, akauliza tu kama bati la milimita moja limefika.

8 Machi

Ramadhani imeingia na gereji inafanya kazi usiku, baada ya tarawehe, mpaka karibu na daku. Ni saa nzuri za kuchomelea: pamepoa, hakuna wateja, na macho ya ami yanaona vizuri zaidi bila jua linalogonga kwenye bati.

Tao la kushoto limekatwa na jipya limeundwa. Sikununua tao lililo tayari. Ami alichukua kadibodi akaichora juu ya tao la kulia, ambalo ni zima, akaipindua, akaihamisha kwenye bati, kisha akalifinyanga bati kwa nyundo ya mti juu ya mfuko wa mchanga. Usiku tatu. Kila mara anaporidhika anaweka kiganja, anafumba macho, anakipitisha kutoka mlangoni hadi taa ya nyuma. Bonde ambalo mimi silioni yeye analihisi.

Bati la ndani limelehemiwa kwanza, likapakwa praima ya zinki pande zote mbili kabla ya la nje kufungwa juu yake. Mshono wa ukingoni ni nukta baada ya nukta, tukiruka huku na huku ili joto lisiukunje upande mmoja. Nta ya kuzuia kutu tutaingiza mwisho kupitia tundu lililo nyuma ya kitambaa cha buti, uwazi wote, mpaka ianze kuvuja chini kwenye matundu ya kutolea maji. Matundu hayo yalikuwa yamezibwa na puti. Nimeyafungua mwenyewe kwa msumari.

Binamu alipiga simu kutoka Dubai kuuliza mabega yamekaaje. Nilimweleza kila kitu. Alinyamaza kidogo, akasema, “Basi mimi nitayatafutia gari.” Yuko rafiki yake huko mwenye 260Z inayokwenda kwenye kiwanja cha mbio kila Ijumaa, rimu zake inchi 8, na madigadi zake zimekatwa tayari na mtu mwingine. Huko ndiko kwao. Nimeyafunga tena kwenye magunia yaleyale.

15 Machi

Praima ya kijivu imekaa upande mzima wa kushoto. Usiku, chini ya taa ya mkono iliyolazwa karibu na bati, kivuli kinapita kutoka mlangoni hadi nyuma bila kujikwaa. Nimeipima kwa timazi kutoka ukingo wa juu wa kila tao mpaka sakafuni, kushoto na kulia. Zinatofautiana mm 2.

Tumerudia kazi ya udongo na magurudumu ya mwisho, springi zimetolewa tena. Mbele kushoto, pale kona ya chini iliyokuwa inagusa, donge limebaki na alama za vidole vya binti yangu, ambaye safari hii alikuja kuyabandika mwenyewe kabla ya futari. Nyuma kushoto, kwenye tao jipya, hakuna alama. Nyuma kulia, kwenye ukingo wa kiwandani, kuna mstari mmoja mwembamba kwenye udongo, kama aliyepitisha uzi.

Ami aliinama akauangalia kwa muda. Ukingo huo una mm 10 zinazotazama ndani. Ukizikunja zilale juu ya bati, unapata nafasi bila kukata chochote na mshono unabaki ulipo. Inafanywa pole, bati likiwa limepashwa moto ili lisipasuke, kwa gurudumu dogo la kubana linalozunguka tao mara nyingi, kila mara kidogo.

“Kesho,” akasema. “Leo mkono umechoka, na hii haitaki mkono uliochoka.”

Nimeliacha donge hilo mahali pake, na mstari wake, na nimefunika gari kwa turubali jipya.